Masta ya Datsun Huchaguliwa Magurudumuni

Fundi aliingia kwenye kiti cha dereva, akaacha mlango wazi, akaweka mguu wa kulia juu ya pedali ya breki. Injini ilikuwa imezimwa. Alikanyaga mara nne tano za haraka ili kumaliza msaada uliobaki kwenye busta, kinachouongezea mguu nguvu, kisha akakanyaga mara moja kwa utulivu na kuuacha mguu palepale, kwa uzito uleule, kama tabibu aliyeshika kifundo cha mkono wa mgonjwa akihesabu mapigo. Pedali ilisimama. Tukasubiri. Nje malori ya makontena yalipita kuelekea bandarini, na mabati ya gereji yakatetemeka kidogo. Kisha pedali ikaanza kushuka, kidogo kidogo, kama mashua inayoingiza maji.

"Zunguka na tochi," alimwambia kijana wake. Kijana alipiga magoti kwenye kila gurudumu, akatazama ndani ya rimu, akarudi na kusema kote ni pakavu. Fundi aliachia pedali, akarudia jaribio lilelile mara ya pili, akarudia mara ya tatu. Mimi ningeridhika na la kwanza.

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, mali ya mjomba wangu: milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, lita 2.4. Kwa watu wa rika la mjomba gari hili halihitaji maelezo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mjomba alikuwa kijana wakati huo, akisimama kando ya barabara kula vumbi la magari hayo. Alipopata pesa, hakutamani gari jingine.

Sasa gari limezeeka, na breki zake zinategemea kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja: masta silinda. Mguu unaisukuma pedali, pedali inasukuma fito, fito inasukuma pistoni ndani ya masta, na pistoni inayasukuma mafuta ya breki kwenye paipu nyembamba hadi magurudumuni. Katika 240Z masta ina pistoni mbili zilizofuatana ndani ya tundu moja, kila moja na chumba chake cha mafuta: chumba kimoja kinahudumia breki za mbele, kingine za nyuma. Paipu ya upande mmoja ikipasuka, upande wa pili bado una uhai. Mafuta yanabaki mbele ya pistoni kwa sababu ya vikombe vidogo vya raba vinavyojikaza kwenye ukuta wa tundu. Kikombe kikichoka, au ukuta ukiharibika, mafuta hurudi nyuma humohumo ndani, hayaonekani nje, na pedali huzama huku magurudumu yote yakiwa makavu. Ndiyo maana tulizunguka na tochi.

Fundi alifungua boneti. Hakugusa kitu kwanza. Alitazama busta, lile duara jeusi la bati ambalo masta imefungwa mbele yake, akaelekeza tochi sehemu ya chini, pale masta inapokutana nayo. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kwa umbo la ulimi, na bati lililofunuliwa lilikuwa na kutu. Mafuta ya breki hula rangi. Ulimi ule ulionyesha kwamba hata raba ya nyuma kabisa ilikuwa imeanza kuachia, na matone yalikuwa yakitambaa nje taratibu kwa miezi.

Alifungua vikopo viwili vyeupe vya mafuta vilivyo juu ya masta, akachovya kijiti safi. Kilitoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mafuta mapya ya breki yana rangi ya asali nyepesi. Alimuuliza mjomba yalibadilishwa lini. Mjomba alisema mwezi uliopita alipita gereji nyingine, wakatoa hewa kwenye paipu za breki, na tangu siku ile pedali ikawa mbaya zaidi kuliko alivyoipeleka.

"Walikanyaga hadi chini?" Fundi aliuliza.

"Hadi kwenye zulia."

Fundi alitikisa kichwa, bila lawama usoni, kisha akanieleza mimi, maana aliona nashika daftari. "Mwanangu, ukiendesha kila siku, pistoni inatembea sehemu fupi tu ya tundu. Pale ukuta unang'aa. Mbele yake ni sehemu ambayo raba haijafika miaka na miaka. Pale kutu inakaa raha mustarehe. Siku moja mtu anakanyaga hadi chini, raba inapelekwa juu ya kutu ile, inachanika. Gari linaingia gereji likiwa na breki, linatoka halina."

Kutu ile ina sababu, na kwetu Mombasa sababu hiyo ni kubwa zaidi. Mafuta ya kawaida ya breki hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya pwani haijawahi kuunyima. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 205. Yakishashiba maji kipimo hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, nayo ikishiba hushuka hadi 155. Mafuta yaliyochemka hugeuka mvuke, mvuke hubanika, na mguu unasukuma hewa tupu. Hata yasipochemka, maji yale hukaa chini ya tundu la chuma na kulila taratibu wakati gari limelala. Gari la mjomba hulala sana.

Nilidhani hatua inayofuata ni kwenda dukani. Mjomba pia alidhani hivyo, alikuwa ameshapewa ushauri na rafiki yake anunue masta yenye tundu la inchi 1 kamili, kwa kuwa "kubwa ndiyo inashika." Alilisema hilo kwa matumaini. Fundi hakumpinga. Aliagiza jeki na stendi nne.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi hii. Masta haichaguliwi kwa kuitazama masta. Inachaguliwa kwa kujua kilichopo upande wa pili wa paipu: pistoni ngapi zinasukumwa, za upana gani, zinahitaji kusogea kiasi gani. Kwa hiyo Fundi, mwenye umri wa babu, alilala chali juu ya kipande cha boksi na kuanza kutambua kila kitu kwa macho yake, ingawa mjomba alimhakikishia kwamba gari ni la asili tangu mbele hadi nyuma.

Mbele, 240Z ilitoka kiwandani na diski ngumu, yaani zisizo na matundu ya hewa katikati, na kalipa za Sumitomo zenye pistoni mbili, moja kila upande wa diski, kila moja na upana wa karibu milimita 54. Nyuma ilitoka na dramu. Fundi alivua gurudumu la mbele kulia, akapiga brashi ya waya kwenye ubavu wa kalipa, akapuliza vumbi, akasogeza tochi karibu. Herufi zilijitokeza kwenye chuma: S12+8. Akahesabu pistoni kwa kidole. Nne.

"Hii ni Hilux," alisema.

Mjomba aliinama kutazama. Kalipa ile ilikuwa ya Toyota Hilux ya zamani inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, ambayo hukaa kwenye 240Z bila kukata wala kuchomelea sana, na ambayo wapenzi wa magari haya duniani wameitumia kwa miongo mingi. Kwetu Afrika Mashariki, ambako Hilux iko kila kijiji, mtu fulani kabla ya mjomba alifanya jambo la akili. Lakini hakubadilisha masta. Kalipa zenye pistoni nne, ambazo kwa jumla eneo lake ni kubwa kuliko la zile za asili, zilikuwa zikilishwa na masta iliyopimwa kwa ajili ya mbili. Gari lilikuwa likisimama, ila pedali ilikuwa ndefu siku zote, na mjomba, ambaye hakulijua gari kabla ya mabadiliko hayo, aliamini ndivyo 240Z zilivyo.

Fundi alichomoa pedi, akafuta nyuso za pistoni, akazipima moja baada ya nyingine kwa veniya. Aliipima ya kwanza tena baada ya kumaliza ya nne. Akaenda upande wa kushoto akafanya vivyo hivyo, kwa sababu, alisema, aliwahi kukuta gari lina kalipa mbili zisizo ndugu. Hizi zilikuwa ndugu. Vipimo aliviandika kwa chaki ukutani.

Nyuma alitoa dramu, akatazama wili silinda, akainua kidogo vifuniko vya raba kwa kijiti cha mbao ili asivikwaruze. Pakavu. Upana ulikuwa ule wa asili, 7/8 ya inchi, milimita 22.2. Lainingi bado zilikuwa na nyama, ila zilikuwa mbali na dramu, zimelegea. Alizirekebisha palepale: anazungusha kirekebishi hatua moja, anarudisha dramu, anaizungusha kwa mkono na kusikiliza, hatua nyingine, anasikiliza, hadi akapata mkwaruzo mwepesi usiokatika, kisha akarudi nyuma hatua moja. Lainingi zilizolegea hula mwendo wa pedali kabla breki haijaanza kazi, na wengi hununua masta mpya kwa kosa la lainingi. Alitaka kuliondoa kosa hilo kwanza, asije akalihesabu kwenye kosa jingine.

Asubuhi yote ikawa imepita, na hatukuwa tumeigusa masta.

Aliitoa baada ya adhuhuri. Alinyonya mafuta kwenye vikopo kwa bomba la sindano, akatandika matambara kuzunguka pote, akaloweka nati za paipu kwa mafuta ya kulegeza kutu na kwenda kuswali. Aliporudi alitumia spana ya paipu, ile inayoshika nati karibu pande zote, kwa sababu spana ya kawaida huviringa pembe za nati laini na kumwacha fundi na paipu ya kukata. Kabla ya kulegeza alifunga uzi mwekundu kwenye paipu ya mbele na mweupe kwenye ya nyuma, baada ya kuzifuata kwa mkono hadi mwisho. Vikopo vina herufi za kuonyesha kipi cha mbele na kipi cha nyuma, lakini mpangilio huo uligeuzwa kati ya 240Z za mwanzo na zilizofuata, na gari lenye umri wa miaka zaidi ya hamsini huenda limevishwa masta ya mwaka wowote. Mkono unaofuata paipu haudanganywi na herufi.

Masta ilibanwa kwenye jiriwa, taya zikiwa zimevikwa vipande vya alumini. Kwa bisibisi butu alisukuma pistoni ndani dhidi ya springi, akafungua skrubu ndogo ya kizuizi iliyo chini ya tumbo, kisha akatoa pete ya springi mdomoni. Vitu vilitoka kwa zamu: pistoni ya kwanza, springi, pistoni ya pili, springi yake. Alivilaza juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio vilivyokuwa vikiishi ndani. Kikombe cha raba cha pistoni ya pili kilikuwa na mkato mwembamba kwenye mdomo wake, kama mkato wa kisu cha kumenyea. Hakuonyesha kuridhika kwamba alikisia sawa. Alikigeuza tu, akaniwekea kiganjani nikione.

Alisafisha tundu kwa spiriti na kitambaa, akaingiza taa ndogo upande mmoja na kutazama upande mwingine. Alinipisha. Ukuta ulikuwa na ukanda unaong'aa kama kioo, halafu, ghafla, kwenye sakafu ya tundu, mlolongo wa vishimo vyeusi. Aliingiza kijiti cha kiberiti kilichochongwa na kukiburuta taratibu. Kilikwama kwenye kishimo cha kwanza, kikakwama kwenye cha pili. Mikwaruzo myepesi husuguliwa ikaisha. Vishimo vyenye kina vinavyokwamisha ncha ya kijiti vinadai kuondoa chuma kingi, na tundu lililopanuka haliwezi kubanwa na raba za kipimo chake. Kuna wanaotoboa tundu na kuingiza mkebe wa chuma kisichoshika kutu, nayo ni kazi nzuri ikifanywa na mwenye mashine sahihi. Lakini hapa kulikuwa na sababu ya kutofanya hivyo: ingerudisha tundu lilelile la asili la 7/8 ya inchi, na 7/8 haikuwa tena kipimo cha gari hili.

Sasa akawa tayari kuchagua. Alipigia duka simu, akaeleza, na jioni mtu wa pikipiki akaleta maboksi matatu. Fundi aliyapanga mezani: masta ya 7/8, kama iliyotoka, ya 15/16, ambayo ilifungwa kwenye Datsun 280ZX za miaka ya 1979 hadi 1981 na hukaa kwenye boliti mbili zilezile za busta, na ya inchi 1, ile ya rafiki wa mjomba. Vipimo vilikuwa vimechorwa ubavuni kwenye chuma, lakini alichomeka veniya ndani ya kila tundu kuhakikisha.

Kisha akavunja kipande cha boksi na kuandika hesabu, na hesabu ile sitaisahau kwa urahisi wake. Alizigeuza zote ziwe sehemu za kumi na sita: 14, 15, 16. Eneo la duara huenda na upana uliozidishwa kwa wenyewe, basi akaandika chini yake: 196, 225, 256. Hakuhitaji kingine. Kutoka 196 kwenda 225 ni ongezeko la karibu asilimia 15: kila milimita ya mwendo wa pistoni, mafuta yanayosukumwa yanaongezeka kwa kiasi hicho, na pedali inakuwa fupi. Lakini nguvu ileile ya mguu sasa imetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kwa hiyo msukumo wa mafuta unapungua kwa karibu asilimia 13. Kutoka 196 kwenda 256 mafuta yanaongezeka kwa asilimia 31, na msukumo unapungua kwa asilimia 23.

Alimgeukia mjomba. "Rafiki yako anasema kubwa ndiyo inashika. Ya inchi 1 utaikanyaga, itakuwa kama jiwe, utafurahi. Halafu mtoto anaruka barabarani na mguu wako hautoshi. Ugumu wa pedali si breki, bwana."

Mjomba alikaa kimya akiitazama namba 256. Nilimwona akiiaga ile masta moyoni.

Kati ya mbili zilizobaki Fundi hakufanya haraka. Ya 7/8 ingempa mguu mwepesi lakini ingeuacha urefu wa pedali uleule. Ya 15/16 ingezilisha kalipa za Hilux vizuri, na eneo lao la ziada lingerudisha sehemu ya nguvu za mbele zilizopotea kwenye masta. Mashaka yake yalikuwa nyuma. Wili silinda za nyuma hazikuwa zimeongezeka, kwa hiyo zingepata msukumo pungufu kwa asilimia 13 bila fidia yoyote. Aliliwaza hilo kwa sauti: gari jepesi nyuma, barabara ya mvua, kukanyaga kwa hofu. Ikiwa lazima upande mmoja uwahi kufunga, alisema, heri uwe wa mbele, gari linakwenda moja kwa moja. Nyuma ikitangulia kufunga, gari linageuka. Kwa hiyo upungufu ule mdogo ulikuwa upande ulio salama, mradi lainingi ziwe karibu na dramu, nazo alikuwa ameshazisogeza asubuhi. Akachukua ya 15/16. Nilitazama saa: ilikuwa imemchukua karibu dakika arobaini, pamoja na chai.

Lakini kuichagua kwa kipimo hakukutosha, bado alikuwa hajaichagua ile yenyewe iliyokuwa mezani. Aliitazama kama mnunuzi wa samaki sokoni Mombasa anavyofungua mashavu. Alipenyeza waya mwembamba wa shaba kwenye kitobo kidogo kilicho chini ya kikopo, kile kinachoruhusu mafuta kurudi wakati pedali imeachiwa. Kikiziba, breki hubaki zimeshika. Waya ulipita. Akafungua masta hiyo mpya, mbele ya mshangao wetu, akakunja midomo ya raba kati ya vidole kuona kama imekauka kwa kukaa ghalani, akaosha tundu, akalipitishia taa. Akatazama mdomo wa paipu ya nyuma kama una vali ndogo ya kubakiza msukumo mdogo kwenye paipu, ambayo dramu huipenda maana hukaza midomo ya raba za wili silinda, na kalipa huichukia maana huacha pedi zikisugua.

Hesi ndizo zilizomchukua muda mrefu. Paipu za Datsun zina nati za milimita 10 zenye hatua ya milimita 1. Kuna nati za kiinchi za 3/8 zenye hesi 24 kwa inchi, ambazo zina upana wa milimita 9.5 na hatua inayokaribiana sana, hata huingia kwenye tundu la milimita 10, huzunguka vizuri, na hujifanya zimekaza. Siku ya kukanyaga kwa nguvu, hung'oka. Fundi aliweka geji ya hesi kwenye kila nati na kuiinua dhidi ya mwanga wa dirisha kuona kama kuna mwanya. Kisha akazungusha kila nati kwa vidole vitupu kwenye mdomo wake wa masta. Ya kwanza iliingia laini hadi mwisho bila kuchezacheza. Nyingine nayo vilevile.

Alirudisha pistoni na springi ndani ya masta, kila kipande kikichovywa kwenye mafuta mapya ya breki. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini havikukaribia meza. Huvimbisha raba hizi zikawa kama maandazi. Kijana alikuwa ameosha mikono mara mbili kabla ya kuruhusiwa kushika kikombe.

Palibaki fito inayotoka kwenye busta. Ikiwa ndefu mno kwa masta mpya, pistoni hairudi hadi mwisho, kile kitobo kidogo hubaki kimefunikwa, mafuta yakipata joto hayana pa kutanukia, na gari hujifunga breki lenyewe barabarani. Ikiwa fupi, pedali hutembea bure kabla ya kuanza kazi. Alipima kina cha shimo la pistoni kwa mkia wa veniya, akapima fito ilivyojitokeza kwenye uso wa busta, akatoa. Hakuziamini namba peke yake. Alibandika kipande kidogo cha plastisini kwenye ncha ya fito, akafunga masta, akafungua, akatazama plastisini ilivyobanika. Ilikuwa nyembamba mno, imekatika katikati. Akageuza ncha ya fito robo mzunguko kuifupisha, akabandika nyingine. Mara ya tatu plastisini ilitoka kama kipande cha ngozi ya ngoma, sawasawa pande zote. Akaifuta.

Kutoa hewa kulianza mezani, masta ikiwa kwenye jiriwa na vipaipu viwili vifupi vilivyokunjwa kurudi ndani ya vikopo vyake. Alimimina DOT 4 kutoka chupa aliyoivunja muhuri mbele yetu, kwa kuitiririsha ukutani isitoe povu. Akasukuma pistoni kwa bisibisi butu, mwendo wa milimita chache, taratibu, akaachia taratibu zaidi. Mapovu yalipanda kwenye kikopo. Akasukuma tena. Mapovu makubwa yalikwisha mapema, yakabaki madogo kama ya maji yanayokaribia kupata moto, na hayo hayana haraka. Kila yalipoonekana kuisha aligonga ubavu wa masta kwa mpini wa bisibisi, akangoja, na moja lingine likajitokeza. Hakuzungumza na mtu. Kijana alisimama ameshika taa na mkono wake haukushuka. Kwa zaidi ya nusu saa tulitazama vikopo viwili vya plastiki, na sikutamani kuwa mahali pengine.

Kuifunga kwenye gari kulikuwa kwa haraka. Hewa iliyobaki kwenye paipu aliitoa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, la nyuma kushoto, kijana akiwa kwenye pedali. "Kanyaga. Shika. Shika hapo. Achia." Mafuta meusi yalitoka ndani ya mpira mwembamba hadi kwenye chupa, yakawa kahawia, yakawa ya asali. Nyuma kulia. Mbele kushoto. Mbele kulia. Kisha akarudi nyuma kushoto akaanza upya mzunguko wa pili.

Usiku ule gari lililala kwenye stendi, na chini ya masta na kila gurudumu Fundi alitandika kurasa za gazeti. Asubuhi aliziokota moja moja, akazigeuza kwenye jua kutafuta doa. Zote zilikuwa kavu. Akaketi tena kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, akakanyaga na kuushikilia mguu. Lori likapita, likafuata lingine, na pedali ilikuwa palepale.

Waliendesha yeye na mjomba, kupitia daraja la Nyali na kurudi, mimi nikiwa nimebaki gerejini na kijana. Waliporudi mjomba alishuka akitabasamu na kuanza kunisimulia jinsi lilivyosimama. Fundi hakuwa amekuja upande wetu. Alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele kulia, mgongo wa mkono ukiwa karibu na rimu, akipima joto. Akainuka, akaenda la mbele kushoto, akachuchumaa. La nyuma kushoto. La nyuma kulia. Akarudi lile la kwanza akaweka mkono tena, kwa muda mrefu zaidi, kisha akamwita kijana alete vifuniko vya rimu.